Mama Kikohozi

Jina lake la kizungu hatukulijua kule Ngamiani.
Tulimsikia kabla ya kumwona:
akizunguka Ras Kazone alikohoa mara tatu, akanyamaza, akakohoa tena,
na mama, bila kuinua macho kwenye ukili wake, akasema,
"Mama Kikohozi huyo. Baba yenu leo atapata kazi."

Chuma kitupu, toka omo hadi tezi,
kilichopigwa ribiti mojamoja, mbali huko,
na watu wasiojua kama Tanga ipo.
Dohani moja nyembamba, imeinama kidogo
kama mtu anayenong'onezwa jambo.
Milingoti miwili isiyotweka kitu
ila fulana za mabaharia siku ya kufua.

Alileta saruji ya mapipa, na pau za reli
zilizolala ngamani kama mihogo ndani ya tenga.
Aliondoka na mbata, ngozi, sandarusi,
baadaye mkonge, robota juu ya robota,
mpaka mstari mweupe wa ubavuni ukazama
na karani akapiga kelele: basi, basi, basi!
Kina hakikumruhusu kusogea ufukoni.
Kila kitu kilivuka kwa tishali,
na kila tishali lilijazwa kwa mgongo wa mtu.
Baba alikuwa akisema: meli haibebi mzigo,
meli huazima migongo.

Yeye, Mbaruku Shekue, hakuwa hamali.
Alikuwa mtu wa kutu.
Walimteremsha kwa ubao na kamba mbili, nyundo mkononi,
akagonga ubavu, ko, ko, ko, toka alfajiri mpaka adhuhuri,
kutu ikimwingia kope, ndevu, mate.
Usiku alitema wekundu, mama akashtuka.
"Kutu hiyo," akasema. "Damu yangu bado ninayo."

Upande wa pili wa bamba, ndani, gizani,
wachochea moto walikuwa wakikokoa majivu.
Hawakuonana naye hata siku moja.
Bamba lenyewe jembamba kuliko ukuta wetu wa udongo.
Akigonga mara mbili, mtu mle ndani
alijibu kwa koleo, mara mbili.
Miaka minne walisalimiana hivyo.
Safari moja akagonga, kimya.
Akagonga tena.
Sarahangi Kasamu alimwambia ni joto,
wamemzika majini, karibu na Adeni.
Jina la marehemu alilitaja, lakini winchi ilikuwa ikilia,
na baba hakumwomba alirudie.
Hilo ndilo lililomla uzeeni, si kifua.

Na kule omoni, chini ya rangi nyeusi alikuta kijani,
chini ya kijani nyeupe, kila rangi na jina lake.
Wenye meli walipobadilika walimpaka jina jipya,
kama mtumwa aliyepewa jina sokoni.
Chini kabisa zilikuwepo herufi za chuma chenyewe, zimeinuka.
Baba hakujua kusoma. Alizipapasa kwa kidole gumba,
akaja kunichorea sakafuni kwa mkaa:
hii kama jembe, hii kama mwezi mchanga,
hii kama mlango usio na nyumba.
Nilipoingia chuoni herufi saba nilikuwa nazijua,
na neno hata moja sikuwa nalo.

Injini ilipokufa walimfunga nyuma ya Toten,
wakamkata dohani, wakamfanya ghala la makaa.
Miaka ikapita, hakohoi.
Kisha wakaja wenye patasi.
Baba alilipwa nusu fedha, nusu bamba:
upana wa sinia, matundu manne ya ribiti.
Mama akaliteleka juu ya mafiga.

Ndiyo maana chapati za nyumba yetu zilikuwa na vipele vinne
pale unga ulipozama kwenye matundu.
Watoto wa mtaa mzima walizijua,
waligombania vile vipele.
Na baba, kabla hajamega,
aligonga pembe ya bamba kwa kijiko, mara mbili,
akatega sikio.
Nasi tukangoja naye, mikono imesimama juu ya sahani,
mvuke ukipanda.
Kisha akasema, "Haya. Kuleni."